Shimo Lilelile, Baadaye

Duara, shimo la kuchimba dhahabu, lilimfunika mwanangu Amosi siku ya Jumatatu. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka kuta zilizobaki zikaanza kupasuka. Alhamisi msimamizi wao, Masudi, akaja na vijana wake kwetu Runzewe kuomba ruhusa ya kulifukia. Kwa wachimbaji wale, udongo haurudishwi juu ya mtu mpaka wazazi wote wawili wakubali.

Mimi nilikubali upesi, kama mtu anayetaja jina lake. Mke wangu Scolastika aliinamisha kichwa bila kukubali.

Masudi akamgeukia binti yetu aliyefika asubuhi ile kutoka Dodoma.

"Dada Violeth, huko chuoni unafundisha nini?"

Nikajibu mimi. Hata siku ile nilitaka wajue.

"Fizikia. Anapiga hesabu za mashimo meusi. Nyota inajiangukia yenyewe, hata mwanga hautoki. Yeye na wenzake wanasema mwishowe shimo hilo hugeuka jeupe, likatapika lilichomeza."

"Kumbe dada naye ni wa mashimo! Linatobozana na la jirani, kama maduara yetu?"

Scolastika akainua kichwa. Wachimbaji huingia shimo lao wakatokea kwenye la wengine, hadi wakapigana.

"Duara la jirani yenu Enock liko karibu," alisema. "Mmeangalia huko?"

"Tumeangalia, Mama Violeth. Ni mwamba mtupu."

"Violeth, waambie. Shimo lina tundu la pili."

Wanaume wote walimtazama binti yangu. Nilitaka aseme ndiyo.

"Hapana, mayu," alimwambia mama yake. "Hakuna tundu la pili. Ni shimo lilelile, baadaye. Na hizo ni hesabu tu, hakuna aliyeliona."

"Baadaye lini?"

"Kwa aliye ndani, ni kama kupepesa jicho. Kwetu sisi wa nje, nyota zote zitakuwa zimezimika."

"Na aliyeingia anatoka mwenyewe?"

"Anasagwa, mayu. Kinachotoka si yeye."

Scolastika alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya.

"Umesoma," alimwambia. Kisha akamgeukia Masudi. "Fukieni. Baba yake aanze."

Tulikwenda mchana huohuo. Nilipewa koleo. Nilitupa udongo, nikasikiliza ufike chini, sikusikia kitu. Nikatupa mwingine, na mwingine tena.

Masudi akanishika mkono.

"Inatosha, mzee. Utuachie na sisi."

Nilitazama nyuma. Vijana walikuwa wamesimama na makoleo yao, wakinisubiri.