Dakika Tano Mbele ya Mlango wa Bafu

Majirani walimwita Mama Mazimwi, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kutunga hadithi za falme zisizokuwepo, zenye mazimwi na mito inayopanda mlima. Alisoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa vitunguu. Akisafiri, alirudi na mchanga viatuni na vyuma mkobani, maana wengine hukusanya stempu, yeye alikusanya vitasa na makufuli ya zamani. Aliyanunua kwenye masoko ya vitu chakavu, kisha akakaa mezani kuyafungua kwa nyaya alizozikunja mwenyewe, huku akiwaza sura inayofuata.

Wifi yake, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, aliuona huo kuwa uchizi wenye elimu. "Mtu mzima na heshima zake," alisema, "anachezea vitasa kama mwizi anayejifunza kazi."

Asubuhi ile walikuwa wamekwisha kugombana. Mama Mazimwi alikuwa anafunga begi. Basi lake lilikuwa la saa sita. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa barabarani siku ya nne, na kumwangalia mama mkwe, mgonjwa wa sukari, kulikuwa kunamwangukia wifi, mwenye sare hamsini za shule za kushona.

"Kwani hayo mazimwi hayaandikiki ukiwa nyumbani?"

"Nilikwambia tangu mwezi jana, wifi."

"Kuambiwa nimeambiwa. Kuulizwa je?"

Mama Mazimwi alikuwa anavuta zipu ya begi waliposikia kishindo bafuni, na ndoo ikabingirika.

"Mama!" wote wawili waliita.

Kisha sauti ikatoka chini kabisa ya mlango. "Nimeanguka. Huu mguu hata siusikii."

Ulikuwa mlango mzito wa mbao, wa umri sawa na jengo, unaofungukia ndani. Mama mkwe alikuwa ameufunga kwa ufunguo kama siku zote, kwa sababu aliamini mtu akioga ni yeye na Mungu wake. Sasa alikuwa amelala ameuegemea.

Wifi alipiga magoti. "Mama, sindano ya sukari umeshajidunga?"

"Nimejidunga."

"Na chai umekunywa?"

"Nilitaka nioge kwanza."

Wifi alimgeukia Mama Mazimwi, na ule ugomvi wote ukawa umemtoka usoni. Waliwahi kuona sindano ile ikimshusha sukari kupita kiasi kwenye tumbo tupu. Haikupita nusu saa, mama akawa anatetemeka na kuongea na watu wasiokuwepo. Siku ile walikuwa na sukari na kijiko mkononi. Leo kulikuwa na mlango.

Wifi alipiga simu hospitali. Gari liko njiani, wakamwambia, na kila mtu anajua njia hiyo ilivyo ndefu. Fundi seremala wa mtaa wa pili hakupokea.

Mama Mazimwi alitandaza gazeti na kulipenyeza chini ya mlango. Katika kitabu chake cha pili msichana mfungwa alitoroka hivyo hivyo: unasukuma ufunguo kwa waya, unaangukia kwenye karatasi, unaivuta karatasi. Alisukuma kwa pini ya nywele. Ufunguo ukalia sakafuni. Akavuta gazeti, likarudi limelowa na halina kitu. Kitabuni jambo hilo lilikuwa limechukua mistari mitatu.

Akakimbilia mkoba wake wa nyaya.

Kitasa kilikuwa cha aina aliyoijua. Ndani yake mna vibao vitatu vya chuma, na kila kimoja lazima kinyanyuliwe kwa kimo chake ndipo ulimi urudi nyuma. Kama hicho alishakifungua, kwa dakika arobaini, anakunywa chai, akikosea anacheka. Sasa vidole vilikuwa vimelowa jasho, na waya ulimteleza mara mbili kabla hata haujaingia.

"Mama, niongeleshe," alisema. "Yule malkia wa jana usiku, nimfanyeje?"

Macho ya mama mkwe yalikuwa na mtoto wa jicho, na kila jioni mkwewe alimsomea alichoandika mchana. Wifi hakulijua hilo. Alibaki ameduwaa na simu mkononi.

"Yule mkatili?" Sauti ilikuwa nzito. "Mwache apotee msituni."

"Ana watoto, mama."

"Wape... wape shangazi yao. Ana roho nzuri yule."

Kibao cha kwanza kilinyanyuka. Cha pili kikagoma, kikakubali, kikaanguka tena pamoja na cha kwanza.

"Mama? Halafu?"

"Mwambieni baba yenu afungie kuku," mama mkwe alisema. Baba yao alikuwa amekufa miaka kumi na moja. Baada ya hapo hakusema tena.

Wifi alishuka ngazi mbio na kurudi na nondo mkono mmoja, kopo la asali mkono wa pili. "Ondoka hapo."

"Ukipiga hapa unampiga yeye. Kichwa chake kiko hapa hapa, nasikia anavyokoroma."

"Na akiacha kukoroma?"

"Nipe dakika tano."

"Huyu ni mama yangu!"

"Najua. Nipe dakika tano, wifi."

Wifi aliitazama saa ya ukutani. Alisimama, nondo begani, mdomo ukihesabu bila sauti. Mama Mazimwi alifumba macho, kwa sababu macho hayakuwa yakimsaidia kitu. Kibao cha kwanza. Cha pili. Mkoromo ndani ulipungua, ukakaa kimya kirefu, ukarudi. Cha tatu kilikuwa na kutu. Alikibembeleza kama mtu anayemwamsha mtoto mwenye homa.

"Dakika moja imebaki," wifi alisema, akishusha nondo begani.

Ulimi ukarudi nyuma kwa mlio wa ka!

Walisukuma kwa mabega, taratibu, hadi ukapatikana upenyo wa kiganja. Wifi, mwenye mkono mwembamba, akalala kifudifudi, kidole amekichovya kwenye asali, akakipenyeza hadi kwenye ufizi wa mama yake. "Ramba, mama. Ramba." Akachovya tena, na tena.

"Ameniuma!" akapiga kelele, huku analia na kucheka. "Mama ameniuma kidole!"

Gari la hospitali lilifika dakika ishirini baadaye. Nyonga ilikuwa na ufa. Wiki sita kitandani, daktari alisema, na ashukuriwe Mungu. Basi la saa sita liliondoka na kiti kimoja kitupu.

Siku ya tatu, wodini, mgonjwa akiwa amesinzia, Mama Mazimwi alisema kile kilichokuwa kinamsumbua.

"Wifi, zile dakika. Kama kitasa kingegoma, ningekuwa nimemuua mimi. Mpaka sasa sijui kama nilifanya sawa kuziomba."

Wifi alikuwa anakunja mashuka. Alikunja la mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Hata mimi sijui kama nilifanya sawa kukupa," alisema. "Haya, lete hilo beseni. Tumwoshe kabla maji hayajapoa."