Uso Ndani ya Pazia

Binti wa mapazia alishuka ngazi, akarudi nyuma hadi mlangoni ili aione kazi yake yote kwa pamoja, na hapo ndipo damu ilipomsimama. Pazia lilikuwa linamtazama.

Alifumba macho, akafumbua. Majani mapana ya kijani aliyoyachora kwa mkono wake yalikuwa pale pale, na ndege wa njano walikuwa pale pale. Lakini mahali kipande kimoja cha mchoro kilipokutana na mwenzake, ndege wa pembe ya kulia alikaa bega kwa bega na ndege wa pembe ya kushoto, wakawa macho mawili. Chini yao majani yaliachana, pakawa na tundu refu, na lile tundu lilikuwa kinywa. Uso wa mtu anayepiga yowe. Tena haukuwa mmoja. Ulijirudia toka juu hadi chini, kitanda kwa kitanda, wodi nzima ya wazazi.

Karakana ya shangazi yake ilikuwa ikichapa vitambaa vya mistari, madoa na miraba tangu binti huyo hajazaliwa. Safari hii Sista wa wodi alikuwa ameomba kitu chenye uhai, kwa kuwa kuta nyeupe zinawachosha wanawake wanaosubiri kujifungua. Shangazi akampa kazi mpwa wake, ambaye kwa uchache wa maneno wote walimwita Kimya, na ambaye mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kuosha fremu za kuchapia. Kitambaa kikipendeza, Shangazi alisema, kiti cha kuchorea pale dirishani ni chako. Kisipopendeza, fremu zinakusubiri na sabuni yake. Basi Kimya akachora kipande kimoja kwenye karatasi, kikubwa kama sinia. Watu wa karakana wakakiinamia mezani, wakakisifu. Wakakitia kwenye fremu, kikagongwa na kugongwa kwenye kitambaa mpaka jora likaisha.

Sasa Sista alipita wodini akasema mapazia yamependeza sana, akaenda zake. Kimya alilivuta pazia moja, akalinyoosha, uso ukabaki pale pale.

Alijaribu kujituliza kwamba labda ni macho yake tu. Kwenye kitanda cha karibu alilala mama mmoja aliyekuwa ameanza uchungu wa mbali mbali, ameshika chuma cha kitanda. Kimya alimsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mapazia yanampendeza.

Yule mama alimtazama kwanza kama anayempima. "Mdogo wangu, na wewe unamwona?"

"Nani?"

"Huyo jamaa. Nimempa kisogo, kumbe na upande huu yupo."

Kimya akaketi ukingoni mwa kitanda. Yule mama alieleza kwamba hakuthubutu kumwambia muuguzi, wasije wakasema uchungu umempanda kichwani. Mwanzoni alimchekea huyo jamaa. Mama mkwe wake alikuwa amekaa nje ya mlango, masikio yamesimama, na yeye alikuwa ameapa hatatoa sauti. Kwa hiyo si vibaya akipatikana wa kupiga yowe badala yake. Kisha uchungu mwingine ukamjia, akanyamaza mpaka ukapita, na mzaha ukawa umekwisha. "Lakini usiniache naye," alisema.

Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Kimya, msichana aliyekuwa akiona haya hata kukohoa mbele za watu, alivua viatu akalala chali. Ukiwa umesimama, uso ulikuwa mbele yako. Ukilala, ulikuinamia.

Njia nzima ya kurudi karakana alitunga maneno, akayameza, akatunga mengine. Aliyemkuta wa kwanza ni fundi mchapaji, aliyeitwa Kinyonga kwa sababu mikono yake hubadilika rangi kila siku kufuatana na kazi. Kimya alimweleza, akingoja ashtuke. Kinyonga aliendelea kufuta fremu.

"Nilimwona tangu tulipogonga mara ya pili," alisema. "Nikadhani ndiyo sanaa yenyewe. Mimi ni nani niulize?"

Hilo lilimpiga Kimya kuliko uso wenyewe. Mtu ameona, ana ulimi mzima kinywani, na amegonga jora zima akiwa amenyamaza kwa heshima. Alitaka kukasirika, ila aliijua mno heshima ya namna hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi nayo.

Shangazi, alipoelezwa, alikataa katakata kwamba kuna uso. Alisema yeye si mtoto wa jana, mchoro aliukagua mezani jani kwa jani. Kimya hakubishana. Aliokota kipande cha kitambaa kilichobaki, akakitandaza sakafuni, akamwomba apande juu ya stuli. Shangazi akapanda huku akinung'unika. Kisha akaacha kunung'unika. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno, hata msibani, alisimama juu ya stuli mkono ukiwa mdomoni.

Alipoteremka aliuliza jambo moja tu, Sista alisemaje. Kimya akajibu kwamba Sista ameyasifu.

"Basi yamekwisha," Shangazi alisema, na sauti ikamrudia. "Mwenye mali kapenda. Rangi imeisha na jora limeisha. Kiti cha dirishani ni chako kuanzia leo. Wewe fanya lile unaloliweza, nyamaza."

Kimya hakuyaamini masikio yake. Kiti alichokitamani miaka yote kilikuwa pale, mwanga umekiangukia, na bei yake ilikuwa kitu alichokuwa nacho tele. Kinyonga aliinamia fremu ambayo ilikwisha takata zamani.

"Shangazi," Kimya alisema, "panda mezani ulale."

"Unasemaje?"

"Ulale chali. Fundi, shika kitambaa upande ule."

Kinyonga alishika kabla hajajua kwamba ameshika. Sijui ni mshangao au ni nini, lakini Shangazi naye alipanda kwenye meza ndefu ya kuchapia, akalala na kilemba chake. Wakakiinua kile kitambaa cha majani kikawa ukuta kando yake, kama mapazia yalivyoning'inia wodini. Kimya alimwambia kuna mama amelala hivyo sasa hivi, ameshika chuma, mkwewe yuko mlangoni. Amegeuka upande wa pili, na upande wa pili yupo.

Shangazi aligeuza kichwa, akakitazama kitambaa. Kisha Shangazi, bado amelala, alisema kwamba alipomzaa mwanawe wa kwanza alikuwa akitazama ufa darini. Tangu siku hiyo umepita umri wa mtu mzima. "Mpaka leo nikipewa penseli nitakuchorea ule ufa."

Aliketi, akajifunga kilemba upya. "Nileteeni ile ngazi."

Waliyateremsha mapazia ya wodi wote watatu, mbele ya Sista aliyeshika kiuno, Shangazi akieleza bila kumtaja mtu kwamba kosa ni la karakana. Yule mama wa kitandani alikuwa amekwisha pelekwa chumba cha kujifungulia. Kutoka huko walisikia sauti yake, kubwa kupita ya mtu yeyote, na mama mkwe nje akiitikia dua. Njiani Shangazi alimwambia mpwa wake kwamba kiti amekipata, ila asidhani amesamehewa, na kwamba yeye Shangazi vilevile hajajisamehe.

Mchoro mpya ulipokamilika, hawakuuinamia mezani. Kimya aliunakili mara nne, akaunganisha nakala pembe kwa pembe, akazipachika ukutani. Wakazitazama kutoka mlangoni. Wakazigeuza juu chini. Mwisho wakajilaza kwenye meza ya kuchapia, watatu kama samaki kwenye kikaango, na Kimya akamwambia Kinyonga kwamba leo heshima aiache nje na viatu vyake.

Kinyonga alitazama muda mrefu. Akajikohoza.

"Pale pembeni, chini ya ua," alisema. "Sijui ni nini. Lakini kina meno."

Shangazi aliguna. Kimya alitazama, akatazama tena, mpaka naye akayaona. Alishuka mezani akaenda kuchukua kifutio.