Mbunge wa Plastiki
…na tabasamu, anasema, tabasamu kwanza, mbunge hapendi mtu aliyekunja uso, na huyu Wilfried aliyefika juzi kutoka Bukavu ndiye wa kunifundisha mimi kutabasamu, tena mbele ya kiti, kiti cha plastiki cha parokia alichokivisha koti lake, eti kwa mazoezi huyo ndiye mbunge wa jimbo, mwambieni haja yenu kwa dakika mbili, darasa la maternelle, la wadogo wa miaka mitatu hadi mitano, kwenye kila shule ya msingi ya Fizi, kisha mshukuruni, kisha mtoke… kumshukuru nani, koti? Jana nililiambia koti ukweli wangu, nikaliambia watoto wako wa miaka mitatu wanaimba na kuchora huko mjini, wetu tunawaachia dada zao ambao bado wanang'oka meno, halafu mkono ukanitoka, sijui ulinitokaje, kiti kikaanguka, koti likala vumbi, na wenzangu wa kujitolea wakaziba midomo wasicheke. Wilfried hakucheka. Alikung'uta koti lake, akasema polepole, Mama Anastasie, habari yako ni nzuri sana lakini hasira yako itatuharibia… habari nzuri, ndivyo alivyosema, mwanangu kufa ni habari nzuri, akaiandika kwenye karatasi, akampa mwingine aiseme Alhamisi mbele ya wabunge, na huyo mwingine ni Gentille Uwamwiza, aliyeshuka kutoka Minembwe, mrefu, mpole, kitenge hakina hata kunyanzi, amesimama sasa hivi mbele ya kiti na karatasi yangu mkononi. Karatasi yangu. Dany wangu. Mimi niko nyuma yake kwenye mstari, nangoja zamu ya kusema nilichobakiziwa, jina langu na neno asante.

Anaanza. Muheshimiwa, kulikuwa mama moja ku Baraka… sauti ya mtu anayeombea chakula, na anajua nini kuhusu mihogo huyu, kwao ni ng'ombe na maziwa, hajaloweka mihogo siku tatu kwenye kidimbwi mpaka ikalainika, hajui harufu yake inavyokwama mikononi hata unawe na majivu, simpendi, siipendi shingo yake, sipendi anavyosema mutoto kana kwamba alimnyonyesha, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wazee walisema, ila hawakujua utakuja kuandikwa kwenye karatasi na kupewa mwenye sauti nzuri. Anasema kidimbwi alimozama mutoto kilikuwa chini ya shamba, kweli, kule bonde la Mutambala, anasema mama alikuwa analima, uongo, sikuwa nalima, nilikuwa nimejitwisha mihogo iliyolainika napanda nayo kwenye mwamba wa kuanikia, safari moja tu, moja, nikamwambia Tania muangalie mdogo wako, ana miaka saba, ana akili, nilimwamini… na niliporudi Dany alikuwa amelazwa kwenye majani, amekwisha, na Tania amesimama kando yake, nguo imelowa hadi shingoni. Hadi shingoni. Nikajua palepale. Alikuwa anacheza maji, kamsahau mdogo wake akacheza maji, nikampiga, mbele ya maiti nikampiga, na hiyo nguo ikawa inarusha maji kila nilipompiga, mpaka watu wa shamba la jirani wakaja mbio kunishika, naye hakusema neno, nikasema moyoni, ndiyo, mwenye kosa hana la kusema. Mwaka na miezi miwili sasa. Anachota maji, anapika, anafagia, simwiti kwa jina lake, namwita we. Na jina langu nimelivua pia, huku kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, nilikuwa Mama Tania hata kwa padri, hata kwa wauza samaki wa ndagala, nikawaambia wote imetosha, niiteni Anastasie, lile la ubatizo, na kwenye orodha ya Wilfried nimeliandika hivyo, nikakandamiza kalamu karatasi ikatoboka…

Gentille amekunja karatasi, ameishusha, analitazama koti kama kweli lina macho. "Yule dada yake aliingia mu maji," anasema. "Hakujua kuogelea. Maji ilimufika ku shingo, akamutafuta na miguu mpaka akamukuta, akamuvuta inje." Wilfried anasema hayo hayamo kwenye karatasi. Gentille hamgeukii. "Njo vile ye mwenyewe aliniambia jana, pa mulango, wakati alikuya kungojea mama yake. Na ye alikuwa mutoto, Muheshimiwa. Ye, nani alikuwa anamuangalia?"

Muongo. Muongo huyu wa milimani, anataka makofi… lakini amelazwa, nimesema mwenyewe amelazwa kwenye majani, chali, mikono imenyooshwa, maji hayamlazi mtu hivyo, na watu wa jirani walikuja baada ya kipigo, nilikuwa nimeshampiga walipofika, sasa nani alimtoa, mwaka mzima na miezi miwili nani alimtoa, sikuuliza, nilikuwa na jibu tayari kwa nini niulize, na mtoto anayecheza maji hulowa miguu, hulowa pindo, haingii hadi shingoni kwenye maji yale meusi yanayonuka, mimi mwenyewe siingii… alimtafuta kwa miguu. Vidole vyake vilimgusa. Akamvuta, akamlaza vizuri, akasimama kuningoja mimi, mama yake, nije nimsaidie, na mimi nikaja. Amemwambia mgeni. Siku moja tu kamjua, mlangoni, kwa sababu mgeni alimwuliza. Namtafuta wa kumchukia, namtafuta Gentille, ni shingo tu, shingo ya mwanamke aliyechoka kusimama, namtafuta Wilfried, anakuna kichwa na kalamu yake, koti ni koti, na mkono wangu umeinuka tena wenyewe, naona jinsi ulivyo, ni huu huu.

"Anayefuata," anasema Wilfried, anarudi kwenye orodha yake, ananyoosha mkono wa koti ukae sawa juu ya kiti, Mama Anastasie, kwa upole tafadhali, sema jina kwanza, na tabasamu. Nasogea. Kiti kiko palepale. Sitabasamu.

"Muheshimiwa," naliambia koti, "mi ni Mama Tania."