Shamba Lililoteremka Mombo

Jumanne baada ya Pasaka, mwaka wa sabini na tano, Efrazia alikuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba yake, mstari wa tatu katika kijiji kipya juu ya Soni, mpimaji wa ardhi alipokuja kumuuliza habari za shamba lake la zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Yale majani marefu yaliyozunguka shamba, ni ya nini? Bwana Zahoro anataka vigingi vya zege, na yale yanatuzibia."

Yale yalikuwa masale. Kila Mshambaa anajua kwamba shamba la mlimani hushikwa na masale. Watu wawili, anayelitoa shamba na anayelipokea, huyapanda pamoja, mkono wa huyu na wa huyu kwenye shina moja, na tangu hapo ardhi hukaa mahali pake hata mteremko uwe mkali namna gani. Mpimaji alikuwa mtu wa pwani, na chuoni hawakumfundisha hilo.

Efrazia akapuliza makapi. "Magugu tu hayo. Ng'oeni yote."

Hakusema hivyo kwa kusahau. Efrazia hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka uliotangulia, mwenyekiti wa kijiji, Samsoni, alimhamisha kutoka shamba lile mbele ya mkutano wa hadhara, akisema sasa ni shamba la Ujamaa, tutalilima sote. Watu walipiga makofi, na yeye alipiga, maana aliamini. Halikulimwa hata siku moja. Miezi mitatu baadaye likawa la Bwana Zahoro, afisa wa Tanga aliyetaka mahali penye baridi pa kupumzikia Jumamosi. Efrazia akaenda ofisini.

"Mama, unajua ardhi haiuzwi nchi hii," Samsoni alimwambia. "Bwana Zahoro kanunua migomba tu."

"Na udongo?"

"Sasa hiyo migomba ataiotesha hewani?"

Ofisi nzima ikacheka.

Huyo Zahoro, Efrazia alimjua zamani. Enzi za Mwingereza, watu walipolazimishwa kuchimba matuta, yeye ndiye karani kijana aliyesimama juu ya kiti akisoma majina ya waliokataa. Alilisoma jina la Silvano, mume wa Efrazia, kwa sauti nzuri kama ya mwinjilisti, na Silvano akala jela miezi sita. Bendera ikabadilishwa. Karani akawa afisa. Silvano akafa, akazikwa mgombani kwake, na kaburi likazungushiwa masale yake lenyewe. Kwa hiyo Efrazia alikuwa amelipanga jambo lake vizuri: shamba liende na Zahoro, kaburi libaki.

Kesho yake shamba lilikuwa limeteremka hatua mia. Liliteremka kwa utulivu, na migomba yake, na nyumba mpya ya Zahoro, na hakikuvunjika hata kikombe. Nyuma yake likaacha mwamba mtupu. Efrazia alipanda kuangalia kaburi, hakulikuta. Akamtafuta Danieli, kibarua wa mpimaji.

"Danieli, na ya kaburini mliyang'oa?"

"Mama, si ulisema magugu? Yote, ulisema."

Kweli, alikuwa amesema yote. Na masale ya kaburini hupandwa siku ya maziko tu. Alilifuata kaburi, akayarudishia, yakakauka siku ile ile.

Shamba likaendelea kushuka, hatua mia kila siku isipokuwa Jumapili. Kwenye kona za barabara lilisubiri basi lipite. Zahoro alikuja kila wiki akaifuata nyumba ilipofika. Mwezi wa kwanza wa safari hiyo alikaa barazani na sweta. Wa tatu akalivua. Wa tano akanunua chandarua, akamwandikia Samsoni barua kali kuuliza ile baridi aliyoahidiwa iko wapi. Yudith, aliyefagia ofisi, alimsomea Efrazia barua hiyo, na Efrazia akaomba asomewe tena, polepole. Ilikuwa miezi mitamu. Ila kila bati la Zahoro lilipozidi kushuka, Silvano naye alishuka.

Ule mwamba kijiji kiliuandika kuwa shamba la Ujamaa kwa mara ya pili. Watu walipangiwa zamu za kuulima, na taarifa ya mwaka ikasema mavuno yaliridhisha.

Mwezi wa kumi na moja wa safari shamba lilifika Mombo, kando ya barabara kuu, na Zahoro akaacha kulalamika. Mabasi ya Moshi na ya Dar es Salaam yalisimama penye kivuli cha ile migomba. Akaweka meza, nyama, bia na redio. Lakini shamba lenyewe halikusimama. Mbele yake palikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara palikuwa na mto. Zilibaki siku tatu.

Efrazia alipanda basi na kikapu cha miche ya masale.

"Shikamoo mama," Zahoro alisema, akasimama kabisa. Adabu hakupungukiwa. "Karibu nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani kwa nani?"

"Ah, mama nawe! Naambiwa wewe ndiye unayeweza kulisimamisha."

Kaburi lilikuwa kati ya jiko na choo, na kreti za bia zimepangwa juu yake.

"Toa hizo kwanza," Efrazia alisema.

Zikatolewa.

Karatasi ya Samsoni ya mauzo ya migomba ilikuwa ya uongo, na uongo unaweza kupingwa siku moja, hata na wajukuu. Lakini uliyeshika naye shina la sale umemkubali kuwa mwenye shamba, na hilo halina rufaa. Akinyamaza, Zahoro ataingia mtoni na meza zake zote, na Silvano pamoja naye. Efrazia alisimama pale mpaka mabasi mawili yakaja, yakala, yakaondoka.

"Lete mkono," alisema.

Walipanda pande zote nne. Kiganja cha Zahoro kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. "Mama una nguvu bado!" alicheka. Kwenye shina la mwisho ardhi ilishtuka kidogo, glasi zikagongana, shamba likatulia. Wateja wakapiga makofi.

Zahoro akamwambia anaweza kuja kupalilia kaburi siku yoyote isipokuwa Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ya wageni.

"Asante," Efrazia alisema.

Neno hilo alilitema barabarani kabla hajapanda basi la Soni. Lilikuwa jeusi, lenye ukubwa wa punje ya mahindi, na lilikuwa na sumu ya kukausha shamba zima. Lilianguka kwenye lami, mahali ambapo hata bila hilo hapaoti kitu.