Nyuzi Mia Mbili na Themanini

...kwa sababu saa yenyewe ni ile, Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, saa kumi na dakika ishirini alasiri, si ile saa nne asubuhi waliyoiandika hospitali kwenye cheti cha kifo cha mdogo wake, watu wanahesabu kutoka kwenye cheti, wiki ya kumi na moja leo, wanasimama mlangoni mwa maabara wanasema pole sana Mama Tanuri, naye anaitikia tumeshapoa, lakini kichwani mwake hesabu inaanzia nyuma zaidi, inaanzia kwenye mlango wa tanuri hili hili analolitazama sasa, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, namba nyekundu za nyuzi joto zinasema mia moja arobaini na mbili, bado, mpaka zishuke chini ya hamsini ndipo mlango ufunguliwe, na amri hiyo aliibandika ukutani mdogo wake mwenyewe, kwa kalamu nene, USIFUNGUE KABLA YA HAMSINI, na chini yake kwa herufi ndogo, dada nakuomba... maana alimjua, wewe dada jikoni hujawahi kuiacha sufuria ikatulia, unafunua, unachungulia, unafunika, baada ya dakika unafunua tena, sasa hili si sufuria, naye akamjibu nenda zako huko, mimi nilikuogesha kwenye beseni, leo unanifundisha moto? wakacheka wote wawili, yeye na cheti chake cha kidato cha nne na miaka kumi na tisa ya kuwasha na kuzima tanuri za wasomi, na mdogo wake na mavitabu yake, na kifua chake kile cha pumu kilichokuwa kikipiga filimbi hata akicheka... Mungu amlaze pema... mia moja arobaini na moja. Alimweleza kila kitu, hakuwa na majivuno ya shule yule mtoto, akasema dada, chukua unywele mmoja, uupasue kwa urefu mara mia tano, huo ndio unene wa utando wangu, na ndani yake mna punje, ndogo hata darubini ya kawaida haizioni, ukiupasha moto punje zinaamka, zinatafutana, kubwa inaimeza ndogo, utando unakuwa kitu kingine, na kitu gani, hiyo inategemea umelala juu ya nini, kwenye kioo unakuwa hivi, kwenye silikoni, ile ya kutengenezea kompyuta, vile, kwenye chuma mambo mengine kabisa, moto ni uleule, na wakati wa kupoa ndiyo hatari, kila kimoja kinanywea kwa mwendo wake, chuma kinanywea upesi kuliko utando, kwa hiyo polepole, dada, polepole. Naye akamuuliza, basi si ubaki na kioo, kioo hakikusumbui, unang'ang'ania chuma cha nini? akasema matangi ya maji ya watu ni ya chuma, nani ana tangi la kioo? Utando ule ukipigwa jua unaua vijidudu kwenye maji, ndivyo alivyosema, mwanamke anateka maji, anampa mwanawe, basi, hachemshi, hatafuti kuni, na macho yake yakawaka kama ya mtu aliyepata kazi... Na Jumanne ile ndani ya tanuri mlikuwa na vibamba vyake tisa vilivyopakwa utando, vya kioo na vya silikoni nyuma, vya chuma mbele karibu na mlango, moto umeshazimwa, namba ziko mia mbili na themanini, mdogo wake ameenda maktaba, naye akatazama saa ya ukutani akajiambia swala ya alasiri itanipita, Mungu anisamehe, alimtaja Mungu pale, ilhali swala angeweza kuswali palepale kwenye kona yake kama siku zote, haikuwa swala, ilikuwa gauni, fundi cherehani alikuwa anafunga saa kumi na moja na kesho yake kulikuwa na mahafali ya binti wa jirani, gauni la kijani, akasema nikifungua kidogo itapoa upesi, akaufungua mlango upana wa kiganja, upepo wa feni ukaingia, akasikia sauti, ndogo, kama mtu anayekanyaga jani kavu mbali... akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri ambao walimu walikuwa wakiusifu, imefunguliwa nyuzi arobaini na tano. Gauni lenyewe lilikuwa limebana makwapani. Na asubuhi mdogo wake akavitoa kwa koleo, kioo salama, silikoni salama, na vya chuma vyote vitatu utando umebambuka, umejikunja, unapukutika kama ngozi iliyoungua, akavitazama sana, hakupiga kelele, akamgeukia akamuuliza dada, ulifungua chini ya hamsini? akasema arobaini na tano. Na akaamini. Hata daftari hakulifungua siku ile, kwa nini alifungue, huyu si dada yake? huyu si mtu wa swala tano?... basi akaandika kwamba utando wake haushiki kwenye chuma, akakiacha chuma, akarudi kwenye kioo, na nyumbani akawa anakula kimyakimya, mama anamuuliza mwanangu unaumwa? hapana mama, nilikosea hesabu tu, ndivyo alivyosema, nilikosea, akaingia kaburini na neno hilo... Nyuma ya ukuta wa mbao Daktari, aliyekuwa msimamizi wa masomo ya marehemu, anaongea kwenye simu, anacheka kidogo, ndiyo, ndiyo, makala kwa kumbukumbu ya kijana wetu, maneno mengine yanapotea, ...hiyo sehemu ya chuma ndiyo yenye uzito, utando haushiki kabisa, wengine wasipoteze muda... Wasipoteze muda, yaani na wengine pia wataacha, huko wasikomjua, watasoma na watakiacha chuma, kwa sababu ya gauni. Daktari anachungulia mlangoni na simu kifuani, Mama Tanuri, leo umemwashia nani? Kwenye ratiba simwoni mtu, naye anasema nakausha tu, Daktari, na Daktari anasema kausha, mama, kausha, mradi usitukaushe na sisi, halafu sauti inashuka, kesho asubuhi naituma makala ya marehemu, uniletee lile daftari la mwezi wa sita nihakiki nyuzi, sawa? Sawa, Daktari. Anarudi kwenye simu yake... mia moja thelathini na tisa. Hakaushi kitu. Humo ndani mna bamba moja la chuma, la mwisho, alilikuta kwenye droo ya marehemu limefungwa kwa karatasi laini, limeandikwa akiba, alilipaka marehemu mwenyewe alipokuwa hai, hakuna wa kupaka lingine, na leo asubuhi kabla watu hawajaingia amelipasha kama lilivyotakiwa, nyuzi mia tano, kwa muda wa saa moja, sasa linapoa lenyewe, na tangu alfajiri amekuwa akipatana na Mungu, kwamba likitoka zima nitasema, na likibambuka, basi chuma chenyewe ndivyo kilivyo, sikuharibu kitu, sina la kusema, na ametaja jina la Mungu kwa kila pingili ya kidole, akizunguka, akizunguka, ee Mola fanya, ee Mola fanya... fanya nini? Anajisikiliza. Ubambuke. Ndilo analoliomba tangu alfajiri, ubambuke, ee Mola, utando wa mdogo wangu ubambuke, ili mimi nitoke mikono safi, amekaa hapa siku nzima na udhu wake akimwomba Mungu kwamba marehemu awe alikosea kweli... Aliyemwogesha kwenye beseni. Anamwombea akosee. Namba zinasema mia moja thelathini na nane na mlango umefungwa vilevile, na humo ndani ama umeshika ama umebambuka, naye anaona kwamba haijalishi, ukishika, mia mbili na themanini ni mia mbili na themanini, ukibambuka, ni ileile, bamba halikuulizwa kitu, aliyeulizwa ni yeye, dada, ulifungua chini ya hamsini? Hapana. Analisema kwa sauti, kwenye chumba kitupu, hapana, mdogo wangu, nilifungua mia mbili na themanini, nilikuwa nawahi gauni. Hakuna kilichotikisika. Feni inazunguka, Daktari bado anacheka kwenye simu, akimaliza, yeye atamgongea mlango, hatangoja hamsini, hatangoja kujua, ataingia na daftari na kidole chake juu ya ule mwandiko mzuri, atasema hii ni ya uongo na nimeiandika mimi, na kama baada ya miaka kumi na tisa watamwambia kabidhi funguo, atakabidhi, na mama naye ataambiwa leo hii, kwamba mtoto wako hakukosea hesabu, mama... Ee Mola wangu, mpokee mdogo wangu, msamehe kwa kila alilokosea kweli, na hili usimwandikie, hili ni langu, liandike kwangu, mpanulie pale alipolala, mpe pumzi isiyokatika, na kwa kuwa mimi simfikii tena na wewe unamfikia, mwambie. Amina.