Kiti cha Nyuma

Swali la nne la mtihani lilimshinda, na bila hilo angerudia mwaka. Binti akafunika kalamu, akaanza kuinuka akabidhi karatasi yake hivyo hivyo. Hapo kiti chake kikapigwa teke kwa nyuma, lile lile alilozoea kupigwa na mwenzake wa chumbani kila aliposinzia maktaba. Lakini mwenzake alizikwa wiki tatu zilizopita. Akageuka. Dawati la nyuma lilikuwa tupu.

"Wewe, macho mbele!" msimamizi akafoka. "Likizo inaanza saa sita, si sasa."

Akaketi, akaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kengele ilipolia, swali lilikuwa limekwisha.

Msimamizi akapita akikusanya karatasi. Alipokisogeza kile kiti cha nyuma, akauondoa mkono haraka. "Mbona kina joto? Nani alikaa hapa?"

"Mkorofi mmoja," binti akajibu, akicheka huku machozi yanamtoka.

Chumbani, begi la mwenzake lilikuwa bado uvunguni. Tangu mazishi hakuthubutu kuligusa. Sasa akalivuta, akampigia simu mama wa marehemu. "Mama, likizo yangu naanzia kwako. Nakuletea vitu vyake."