Zamu ya Ardis

Ardis Kvamme alikuwa na miaka hamsini na minane na hajawahi kuangusha hata kulungu mmoja kwa bunduki ya bibi yake. Wenzake wote wa ukoo walishapata zamu yao, kila mmoja alipotimiza miaka kumi na minne: baba yake, ami zake, kaka yake Lyle. Ilipofika zamu ya Ardis, risasi zilikuwa zimebaki tatu tu. Baba akampa Lyle hizo tatu, Lyle ambaye zamu yake ilishapita, eti msichana atazipoteza bure. Lyle akazipoteza zote asubuhi moja. Bunduki ikatundikwa ukutani kwa Lyle, ikala vumbi miaka arobaini na minne.

Mwingine angetukana. Ardis alinyamaza, na watu wa kwetu Montana wakinyamaza usidhani wamesahau.

Aprili Lyle akahamia mjini, na mkewe hakutaka chuma chakavu kwenye kuta zake mpya. Akamletea dada yake bunduki imefungwa kwenye blanketi.

"Kaa nayo mpaka Desemba," akasema. "Watu wa makumbusho wanaitaka. Nimeshawaambia wataipata."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ah, Ardis! Hii hata kulia hailii tena. Ni pambo."

"Ikilia je?"

Lyle akacheka mpaka akakohoa. "Ikilia msimu huu wa kuwinda, na kulungu akaanguka, ni yako. Sitafungua mdomo tena."

"Wewe? Kufunga mdomo? Hilo nalo nitalisubiri."

Bunduki yenyewe ilikuwa ya zile za kukokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini: unausukuma mbele, unaurudisha, risasi imeingia. Ilitengenezwa kabla bibi Borghild hajashuka melini kutoka Norwe. Ardis aliuliza risasi zake katika maduka ya miji mitatu, na katika la mwisho kijana wa kaunta akamwambia, "Labda umuulize babu yangu." Kiangazi kikaisha hivyo hivyo, mikono mitupu.

Septemba Lyle akaja na boksi, uso umejaa ushindi. "Nani kasema hazipatikani? Jirani yangu ana bunduki mpya ya tundu hili hili, anajitengenezea risasi mwenyewe. Tazama." Akasukuma moja ndani. Ikateleza laini, ikakaa. "Imeingia. Ikiingia, inafaa."

Kosa hilo limewala vidole wanaume wa bonde letu, na kila msimu hakosekani wa kulirudia. Lyle akaweka kopo juu ya nguzo ya ua. Ardis akainua bunduki begani, moyo unamdunda kwa hamu, maana alikuwa ameingoja siku hiyo tangu akiwa na nywele za kusukwa mikia miwili. Lakini kidole kikagoma. Akaishusha.

"Umeogopa," Lyle akasema.

"Ndiyo, nimeogopa. Naenda kwa Sandvik kwanza."

Sandvik alikuwa fundi wa bunduki, mzee mkavu wa maneno. Alishika risasi moja ya lile boksi kwa koleo, akaing'oa kichwa, akamimina baruti juu ya karatasi. Ilikuwa ya kijivu, punje ndogondogo.

"Umepiga ngapi za hizi?"

"Hata moja."

Mzee akavuta kiti akakaa. Kisha akafungua ubavu wa bunduki, akamwonyesha vyuma viwili vyembamba vilivyoungana. "Hili ni kama goti. Likinyooka ndilo linalozuia mlipuko usikurudie usoni. Limezoea baruti nyeusi, inayosukuma polepole. Hii ya jirani ni ya kisasa, na kaijaza kwa nguvu ya chuma kipya. Ganda ni lile lile, ndiyo, litaingia bila shida. Jicho lako ndilo lingetoka."

Ardis akajishika shavu bila kujua.

Sandvik akachukua goroli laini ya madini ya risasi, akaigonga kwa fimbo ya mbao ikapita mtutu wote, ikatokea upande wa pili ina mistari. Akaipima mara mbili. "Mtutu umepanuka kidogo. Hata za dukani zingeyumba. Zako zimiminwe kwa kipimo hiki, ziwe laini, na bapa kichwani."

"Bapa kwa nini?"

"Kwenye bomba hili chini ya mtutu zinapangana, kichwa cha hii kwenye makalio ya ile, penye fataki. Zenye ncha zinaweza kulipuana humo humo." Akanyoosha mikono yake, ilikuwa ikitetemeka. "Mimi siwezi tena kazi hii. Nitakufundisha."

Basi kila Jumamosi Ardis akawa kwa Sandvik, anayeyusha, anamimina, anapima baruti nyeusi. Mwanzoni mzee alimrudishia karibu zote. "Ina mkunjo. Yeyusha. Hii nayo ina shimo, huoni?" Hadi kufika Oktoba Ardis alikuwa anayaona makosa kabla yake, na siku moja mzee akaacha kukagua, akaenda kuchemsha kahawa. Ardis akajisikia mrefu mlemle kibandani.

Walifunga bunduki kwenye gurudumu la trekta, wakaifyatua kwa kamba wakiwa nyuma ya ukuta. Mara kumi. Sandvik akalikagua lile goti kwa tochi, akasema halijasogea hata unywele.

Jumamosi ya mwisho ya msimu, theluji ikifika vifundoni, Lyle akafuatana naye mpaka kwenye korongo, kushuhudia, alisema. Dume la kulungu likatoka kwenye miti, likasimama ubavu. Ardis akavuta pumzi, akafyatua. Moshi mweupe ukatanda, hakuona kitu. Akasubiri. Moshi ulipoondoka, dume lilikuwa chini.

Akalia, na hakujificha. "Nimeitengeneza mimi!" akasema. "Risasi ile, Lyle, kwa mikono yangu mwenyewe!"

Lyle akashuka hadi kwenye mnyama, akachomoa kisu kama alivyozoea, wanaume wachune na wanawake wangoje.

"Nipe hicho kisu," Ardis akamwambia.

Akampa. Akasimama anageuza kofia mikononi. "Laiti Baba angekuona leo."

"Baba alikuwa ananiona kila siku, Lyle. Na wewe pia ulikuwa unaniona."

Lyle akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akapiga magoti kwenye theluji, mzee wa miaka sitini na minne, akamshikilia dada yake miguu ya kulungu ili apate kufanya kazi yake.